Namna ya kutenganisha ndege zinazopaa ili zisikumbwe na msukosuko wa mabawa: mwongozo kamili

Kwenye uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, Boeing 787-8 yenye uzito unaofikia tani 228 hivi na Cessna Caravan ya tani 4 husubiri zamu kwenye foleni moja, kuingia njia ile ile ya kurukia. Moja inaelekea ng'ambo ya bahari, nyingine inapeleka watu Mafia. Caravan ikiifuata 787 mapema mno, hewa iliyochafuliwa na mabawa ya ile kubwa inaweza kuilaza ubavu ikiwa futi mia mbili tu kutoka ardhini, mahali ambapo rubani hana nafasi ya kurekebisha chochote. Mwongoza ndege aliye mnarani ndiye anayeamua hewa hiyo ipewe muda gani wa kutulia.

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa uongozaji ndege, kwa marubani wa ndege ndogo wanaotaka kujua kwa nini wanasubirishwa, na kwa wale wanaokaa mnara wa kwenye kompyuta usiku kucha. Viwango nilivyovitumia ni vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), vilivyomo kwenye Hati namba 4444, isipokuwa pale nilipotaja nchi nyingine. Kituo chako kina maagizo yake. Yakipishana na haya, fuata ya kituo.

Niseme mapema: jedwali la dakika linakaririwa jioni moja. Mnarani utapimwa kwa mambo mawili ambayo jedwali halikufundishi, nayo ni jinsi unavyopanga foleni kabla haijafika kwenye mstari wa kusubiria, na jinsi unavyohesabu sekunde.

Kwanza jua unachokikwepa

Bawa linapobeba ndege, mgandamizo wa hewa chini yake huwa mkubwa kuliko wa juu. Hewa ya chini hupanda kwa kuzunguka ncha za mabawa, na kwa kuwa ndege inasonga mbele, hewa hiyo hujiviringisha ikabaki nyuma: visulisuli viwili virefu vilivyolala, kila kimoja nyuma ya bawa lake. Ukiitazama ndege kwa nyuma, cha kushoto kinazunguka kufuata mshale wa saa na cha kulia kinazunguka kinyume. Katikati yao hewa inasukumwa chini.

Mabawa ya 787 yana upana wa mita 60 hivi kutoka ncha hadi ncha, na visulisuli vyake hukaa umbali wa kama robo tatu ya upana huo. Caravan ina mita 16 tu. Kwa hiyo inaweza kuingia nzima ndani ya kisulisuli kimoja, ikaanza kuzungushwa kwa nguvu ambayo vibao vya mabawa yake haviwezi kuishinda. Hapo ujuzi wa rubani unasaidia kidogo sana.

Visulisuli huanza pale bawa linapoanza kubeba uzito, yaani rubani anapoinua pua, na hukoma gurudumu la pua linapogusa ardhi wakati wa kutua. Shika sentensi hiyo. Hatua ya tatu yote imejengwa juu yake. Huwa vikali zaidi ndege ikiwa nzito, ikienda taratibu, na flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kupaa na kutua) zikiwa zimekunjwa. Nyuma ya ndege kubwa hushuka futi 300 hadi 500 kwa dakika, kisha hutulia futi 500 hadi 900 chini ya njia ambayo ndege yenyewe imepita. Vikiwa karibu na ardhi haviwezi kuendelea kushuka, kwa hiyo hutawanyika pembeni, kimoja huku na kingine kule, kwa mwendo wa kilomita 4 hadi 6 kwa saa.

Wengi huchanganya haya na upepo wa injini. Upepo wa injini hutoka nyuma ya ndege ikiwa bado imesimama, unatupa mawe na kupindua ndege ndogo iliyoegeshwa vibaya, na unaisha injini zikipunguzwa. Nao utauzingatia unapoiingiza Caravan njiani nyuma ya 787 inayokaribia kuongeza nguvu, lakini dakika tunazozijadili hapa si zake.

Kanuni hizi hazikutungwa mezani. Tarehe 30 Mei 1972, DC-9 ya Delta iliyokuwa kwenye mafunzo iliifuata DC-10 kwenye uwanja wa Greater Southwest, Fort Worth, ikapinduka karibu na njia na watu wote wanne wakafa. Ajali hiyo ndiyo iliyowasukuma Wamarekani kuweka nafasi kali nyuma ya ndege nzito. Tarehe 12 Novemba 2001, Airbus A300-600 ya American Airlines ilipaa New York nyuma ya Boeing 747 ya Japan Airlines, ikakutana na visulisuli vyake. Rubani msaidizi aliukanyaga usukani wa mkia kushoto na kulia kwa nguvu iliyopita kiasi hadi bawa la wima la mkia likang'oka. Walikufa watu 265, watano kati yao wakiwa ardhini. Angalia kwamba ndege zote mbili zilikuwa za kundi zito. Jedwali la dakika la ICAO halidai muda wowote kati ya nzito na nzito zinazopaa. Kwa rada inadaiwa nafasi ya maili 4 za baharini. Kukosekana kwa dakika kwenye jedwali hakumaanishi hewa ni safi.

Hatua ya 1: Soma kundi la ndege kwenye stripu

Kundi hutokana na uzito wa juu kabisa ambao ndege imeidhinishwa kupaa nao. Uzito wa siku hiyo hauhesabiki. 787 inayoondoka tupu kwenda matengenezo bado ni Nzito.

Supa, herufi J, ni Airbus A380. Nzito, herufi H, ni tani 136 na kuendelea. Ya Kati, herufi M, ni chini ya tani 136 lakini zaidi ya tani 7. Nyepesi, herufi L, ni tani 7 kushuka chini.

Herufi hiyo huandikwa kwenye mpango wa safari baada ya aina ya ndege, nawe utaiona kwenye stripu, kile kipande cha karatasi chenye taarifa za kila ndege: B788/H (787-8), AT76/M (ATR 72), C208/L (Caravan). Pale Dar es Salaam, ukichukua ndege za Air Tanzania peke yake unakuta makundi mawili: 787-8 na 767 ya mizigo ni Nzito, 737 MAX 9, A220-300 na Dash 8-400 ni za Kati. Ongeza ATR za Precision Air, nazo za Kati, na Caravan za Zanzibar na Mafia ambazo ni Nyepesi. A380 utaisoma tu kwenye mtihani, ila ukienda kufanya kazi Dubai utakuwa nayo kutwa nzima.

Kundi la Kati ni pana mno, na nadhani ndilo udhaifu mkubwa wa mpangilio huu wa zamani. ATR 72 ya tani 23 na 737 MAX 9 ya tani 88 zimewekwa kapu moja, kwa hiyo kanuni haidai chochote ATR ikiifuata 737. Rubani wa ATR akiomba nusu dakika zaidi, mpe bila kumhoji. Boeing 757 ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Kwa uzito ni ya Kati, lakini ndege ndogo za kibiashara zilianguka nyuma yake Billings, Montana, mwezi Desemba 1992, na Santa Ana, California, mwezi Desemba 1993, zote zikiwa zinakaribia kutua. Tangu hapo nchi kadhaa zinaitendea kwa tahadhari ya ndege nzito pale inapotangulia.

Hatua ya 2: Tafuta jozi, kisha dakika zake

Usiangalie ndege moja moja. Angalia nani anamfuata nani.

Nyepesi au ya Kati nyuma ya Nzito: dakika 2.
Nyepesi nyuma ya Kati: dakika 2.
Nzito nyuma ya Supa: dakika 2.
Nyepesi au ya Kati nyuma ya Supa: dakika 3.

Hayo ndiyo yote kwa ndege zinazoanzia mwanzo wa njia moja. Ndege kubwa inayoifuata ndogo haidaiwi muda wa msukosuko, wala mbili za kundi moja. Hapo utatumia nafasi za kawaida za kuondoka, ambazo hazihusiani na visulisuli: dakika 1 ikiwa njia zao zitaachana kwa nyuzi 45 au zaidi mara tu baada ya kupaa, dakika 2 ikiwa zinafuata njia moja na iliyotangulia ina mwendo wa kilomita 74 kwa saa zaidi au kuendelea, dakika 5 ikiwa ya nyuma itapita kwenye urefu wa ya mbele na hakuna nafasi nyingine iliyowekwa.

Wanafunzi hujikwaa hapa kwa kujumlisha. ATR ikitangulia na Caravan ikafuata njia ile ile kwenda Zanzibar, msukosuko unadai dakika 2 na tofauti ya mwendo inadai dakika 2. Saa zote mbili zinatembea pamoja. Unasubiri 2, si 4. Zikitofautiana, unashika iliyo ndefu.

Hatua ya 3: Uliza inaanzia wapi

Rubani wa Caravan hahitaji kilomita 3 za lami. Ikiwa usawa wa bahari na upepo kidogo wa mbele, ndege yake inaacha ardhi ndani ya mita mia nne na kitu. Kwa hiyo anaomba aingilie kwenye makutano, katikati ya njia, asipoteze mafuta kutembea hadi mwanzo. Ombi hilo lina akili yake, na siku nyingine yoyote utalikubali. Nyuma ya ndege kubwa, hesabu inageuka.

Dakika 2 zinakuwa 3 kwa ndege inayoanzia katikati ya njia ile ile, au katikati ya njia sambamba iliyo karibu. Nyuma ya Supa, 3 zinakuwa 4.

Fuatilia ardhini utaona sababu. Tuseme 787 inainua pua mita 2,000 kutoka mwanzo wa njia. Kabla ya hapo hakuna kisulisuli chochote. Lami ni safi. Caravan ikianzia mwanzo, itakuwa imeshaacha ardhi mita mia nne na kitu na iko futi mia kadhaa juu inapofika pale 787 ilipoinua pua. Visulisuli vimeanzia chini yake, na vinazidi kushuka. Sasa iweke Caravan ianzie kwenye makutano ya mita 1,500. Itaacha ardhi karibu mita 1,900 na kitu, iingie pale pale visulisuli vinapoanza, ikiwa na mwendo mdogo na haina urefu wowote chini yake. Kwa ndege yenye mabawa ya mita 16, hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote kwenye uwanja.

Kwa hiyo rubani akiomba makutano nyuma ya Nzito, mpe chaguo waziwazi: kutoka hapo ni dakika 3, ukitembea hadi mwanzo ni 2. Wengi wakisikia hivyo wanatembea, na muda wa kutembea unamaliza dakika zenyewe. Ukikaa kimya ukamruhusu asubiri kwenye makutano, umempotezea dakika ambayo hakujua ana hiari nayo.

Na hata anayeanzia mwanzo hajamaliza. 787 hupanda wima zaidi kuliko Caravan, kwa hiyo huko mbele njia ya ndogo inaweza kushuka chini ya njia ya kubwa. Ruhusu Caravan igeuke mapema kuelekea upande upepo unakotoka, kama ramani ya kuondokea na ndege nyingine zinaruhusu.

Hatua ya 4: Amua saa inaanzia wapi, na uhesabu sekunde

"Dakika mbili" kutoka lini hadi lini? Nchi hazijibu sawa. Uingereza hupima kutoka ndege ya kwanza inapoacha ardhi hadi ya pili inapoacha ardhi, na mwongoza ndege anaweza kutoa ruhusa mapema kidogo akihesabu muda wa ya pili kukimbia njiani. Marekani huhesabu kutoka ya kwanza inapoanza kukimbia, na ruhusa ya ya pili haitolewi hadi muda uishe.

Tuchukue mfano. 787 inaanza kukimbia saa 10:14:00 na kuacha ardhi 10:14:40. Caravan inahitaji sekunde 25 tangu kuruhusiwa hadi kuacha ardhi. Kwa utaratibu wa Uingereza isipae kabla ya 10:16:40, kwa hiyo ruhusa unaweza kuitoa 10:16:15. Kwa utaratibu wa Marekani ruhusa inatoka 10:16:00, na Caravan inapaa 10:16:25. Tofauti ni sekunde 15. Ni kidogo, lakini kwenye uchunguzi wa tukio utaulizwa umetumia kipimo gani, na "dakika mbili hivi" si jibu.

Halafu kuna mtego wa stripu. Muda wa kupaa huandikwa kwa dakika kamili. Ndege ya kwanza ikipaa 10:14:50 utaandika 14. Ya pili ikipaa 10:16:05 utaandika 16. Kwenye karatasi ni dakika mbili safi. Angani ni sekunde 75. Kwa ndege Nzito iliyo na Nyepesi au ya Kati nyuma yake, andika sekunde pia, au ubonyeze saa ya kuhesabia magurudumu yanapoachana na lami. Tazama kwa macho. Sauti ya rubani redioni inakuja baadaye, na lebo ya rada huchelewa zaidi.

Hatua ya 5: Kagua njia nyingine, na ndege zinazotua

Dakika zile zile zinadaiwa kwenye njia mbili sambamba zilizo karibu kuliko mita 760. Njia mbili sambamba zinazoelekea magharibi za San Francisco ziko mita 230 hivi kutoka moja hadi nyingine; kwa msukosuko ni kama njia moja. Zile za Heathrow zimeachana kwa mita 1,400 na zaidi, kwa hiyo kila moja inajitegemea, isipokuwa pale ambapo ndege ya pili itakata njia ya ya kwanza kwa urefu ule ule au chini yake kwa pungufu ya futi 1,000. Sharti hilo la kukatana linahusu pia njia zinazopishana kama msalaba.

Ndege kubwa ikighairi kutua na kupita juu ya njia, huku Nyepesi ikisubiri kupaa kuelekea upande wa pili, mpe Nyepesi dakika 2. Jambo hili husahaulika kwa sababu wakati huo kila mtu mnarani anaishughulikia ile iliyoghairi.

Nzito ikiwa imetua kawaida, ukumbuke gurudumu la pua. Visulisuli vimekoma pale lilipogusa. Rubani wa ndege ndogo anayepaa baada yake hupanga kuacha ardhi mbele ya hapo, nawe unaweza kumtajia mahali ilipogusa.

Hatua ya 6: Panga foleni kabla haijafika

Asubuhi moja una ndege nne zilizoomba kuwasha injini kwa mpangilio huu: 787, Caravan ya Zanzibar, ATR ya bara, Caravan ya Mafia. Njia zao zinaachana vizuri, kwa hiyo pasipo msukosuko dakika 1 inatosha.

Ukiziachia kwa mpangilio wa kuomba: 787 hadi Caravan ni 2, Caravan hadi ATR ni 1, ATR hadi Caravan ni 2. Ya mwisho inapaa dakika 5 baada ya ya kwanza, na umelipa deni la msukosuko mara mbili.

Geuza: Caravan, Caravan, ATR, 787. Dakika 1, 1, 1. Zimekwisha ndani ya dakika 3, na hakuna hata jozi moja iliyodai msukosuko. Kubwa ikimaliza foleni, visulisuli vyake vinazunguka peke yake.

Lakini 787 ina muda wake wa kuondoka uliopangwa kwingine, au inakaribia ukomo wa saa za kazi za marubani wake. Lazima itangulie. Hapo watu wengi huweka ATR nyuma yake wakidhani wanapanga kwa ukubwa, kisha Caravan mbili: 2, 2, 1, jumla 5. Afadhali Caravan, Caravan, ATR: 2, 1, 1, jumla 4. Ile dakika 2 nyuma ya 787 unailipa hata ukiweka nani, kwa hiyo itumie kwa ndege ambayo ingekudai tena baadaye. Nyepesi zote kwanza, za Kati zifuate.

Kuna tahadhari moja. Kutanguliza ndege ya polepole ni faida ikiwa njia zinaachana. Caravan na ATR zikienda zote Zanzibar kwa njia moja, ATR itaikamata Caravan kabla hazijafika, na dakika uliyookoa mnarani anailipa mwenzako wa rada. Mpigie kwanza.

Foleni hii haipangwi kwenye mstari wa kusubiria. Pale ndege zimeshafuatana na njia ya kutembelea haina nafasi ya kupishana. Inapangwa zinapoomba kuwasha injini na kurudi nyuma. Ndege ndogo za Terminal 1 huwa tayari ndani ya dakika chache, ile ya safari ndefu huchukua muda mrefu tangu inapoondolewa kwenye maegesho. Ukiijua tabia hiyo, foleni inajipanga yenyewe bila mtu kuona amesubirishwa.

Hatua ya 7: Mwambie rubani

Rubani wa Supa au Nzito hutaja neno hilo baada ya jina lake la mwito anapowasiliana mara ya kwanza, ili wote walio kwenye masafa wajue nani anatangulia. Nawe rubani wa nyuma unampa onyo la msukosuko na aina ya ndege iliyotangulia. Ukimwambia ashike mahali pake, mpe sababu na muda uliobaki. Anayejua amebakiza sekunde 50 hulimaliza orodha lake la ukaguzi kwa utulivu. Asiyejua hukuita kila nusu dakika.

Rubani akiomba muda zaidi, anapewa. Akiomba muda upunguzwe nyuma ya Nzito, jibu ni hapana, hata kama ana uzoefu wa miaka mingi na anakujua kwa jina. Kanuni za Marekani zinawakataza waongoza ndege waziwazi kupunguza muda huo nyuma ya Nzito au Supa.

Hatua ya 8: Soma upepo, lakini usiutumie kukata dakika

Njia kuu ya Dar es Salaam ni 05/23, yaani ukipaa 05 unaelekea nyuzi 50 hivi, kaskazini mashariki, na ukipaa 23 unaelekea kinyume. Kaskazi inavuma karibu moja kwa moja usoni ukipaa 05, na visulisuli vinarudishwa nyuma kuelekea anakoanzia mfuataji. Kusi hukata njia kwa ubavu na, ikiwa na nguvu, huvisukuma nje ya lami haraka. Wanafunzi huona kusi wakafikiri hatari imepungua siku zote. Hapana. Hatari kubwa iko kwenye upepo hafifu wa ubavu, wa kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Kisulisuli cha upande unakotoka upepo kinataka kutawanyika kwa mwendo huo huo kuelekea upepo, kwa hiyo mwendo huo na upepo vinasawazishana, na kisulisuli kinabaki kimesimama juu ya lami. Asubuhi mapema, kabla upepo wa bahari haujaamka, ndiyo hali yenyewe, na ndiyo saa ambayo Caravan nyingi zinaondoka.

Upepo ukupe sababu ya kuongeza muda. Hakuna kipimo kinachokuruhusu kuupunguza kwa kutazama soksi ya upepo.

Viwanja vinavyotumia mfumo mpya

Nchi zenye msongamano mkubwa zimeligawa upya lile kapu la Kati. Memphis, makao ya FedEx, ilianza mwaka 2012. Paris Charles de Gaulle ilifuata 2016 na mfumo wa Ulaya wenye makundi sita, A hadi F. Hapo dakika zimegeuka sekunde: 737 nyuma ya 777 ni sekunde 100 badala ya 120, nyuma ya 767 ni 80. ICAO nayo iliingiza makundi saba, A hadi G, kwenye kanuni zake Novemba 2020, na kila nchi inachagua kuyatumia au kubaki na manne ya zamani. Ukihamia kituo chenye mfumo huo, hatua zote za hapo juu zinabaki. Jozi na namba ndizo zinazobadilika.

Dakika hizi zote ni za kupaa. Angani msukosuko una kanuni zake. Januari 2017, juu ya Bahari ya Arabu, Challenger 604 ilipita futi 1,000 chini ya A380 iliyokuja kinyume nayo, nafasi halali kabisa, ikapinduka mara kadhaa na kupoteza futi elfu kadhaa kabla marubani hawajaidhibiti wakatua Muscat. Ndege hiyo haikuruka tena.

Ukigundua umekosea baada ya kutoa ruhusa

Kama ndege ya pili haijaanza kukimbia, futa ruhusa mara moja na umwambie ashike mahali pake, kwa sababu ya msukosuko. Usione haya.

Kama imeanza tu na mwendo bado mdogo, unaweza kumsimamisha. Kama iko karibu kuacha ardhi, nionavyo mimi kumsimamisha kwa sababu ya sekunde 15 zilizopungua ni kumbadilishia hatari moja kwa nyingine, huenda kubwa zaidi: breki kali, matairi, mwisho wa njia. Mpe onyo fupi la msukosuko, mwambie Nzito iko wapi, na umruhusu ageuke mara moja kuelekea upepo unakotoka kama anga iko wazi. Maneno machache. Mikono yake ina kazi.

Akishakuwa salama, muulize kama amekutana na chochote, kisha andika taarifa ya tukio zamu haijaisha: aina za ndege zote mbili, saa zao za kuacha ardhi kwa sekunde, mahali kila moja ilipoanzia, upepo wa wakati huo, na alichokisema rubani kwa maneno yake. Omba rekodi ya redio na rada zihifadhiwe kabla hazijafutwa na rekodi mpya.